Mhasibu wa Ngamiani anayefunga ofisi adhuhuri: nampa nyota nne

Kama una biashara ndogo hapa Tanga na kila ikikaribia Machi tumbo linaanza kukusokota, haya yanakuhusu. Namzungumzia mhasibu anayenishikia hesabu, mzee mwenye ofisi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kwenye zile barabara za namba za Ngamiani. Jina lake siandiki, hapendi kutangazwa. Waulize mafundi cherehani wa Mgandini habari za mzee anayefunga ofisi adhuhuri, watakufikisha mpaka barazani.

Mimi nashona sare za shule. Desemba na Januari dukani hapakanyagiki. Aprili naweza kushinda siku nzima nikauza vifungo na zipu basi. Zamani mambo yangu ya kodi niliyaacha kwa kishoka mmoja, wakala wa uongo, aliyekuwa akipita madukani na begi lake la ngozi. Siku moja alichukua hela ya makadirio, akaniachia karatasi yenye muhuri, na karatasi ile haikufaa hata kufungia karanga. Kwa hiyo kwa mzee nilikwenda na kinyongo changu tayari.

Kazi ya kwanza niliyompa aliikataa. Nilitaka anitengenezee hesabu zilizokaguliwa, maana kishoka alikuwa amenijaza hofu kwamba bila hizo duka litafungwa. Mzee akanitazama juu ya miwani. "Bibie, wewe ni kampuni?" Kampuni wapi, mimi na cherehani zangu. Akanieleza kwamba mtu binafsi ambaye mauzo yake hayafiki milioni 100 kwa mwaka hana haja ya kumlipa mkaguzi, ana haja ya kuandika. Akanituma dukani nikanunue kaunta buku, akaichora safu kwa rula: mauzo ya taslimu, mauzo ya simu, manunuzi, matumizi ya nyumbani, na mali kauli, yaani vya mkopo, kwa wino mwekundu. Hiyo ya matumizi ya nyumbani ndiyo iliyonitoa jasho. Kumbe nilichodhani ni biashara mbaya ni mimi mwenyewe nikila mtaji kidogo kidogo, nauli ya huyu, harusi ya yule.

Kwa wenye biashara za msimu, hapa ndipo alipopata hela yangu kihalali. Kodi ya makadirio, ile inayokadiriwa kwa mauzo ya mwaka, hulipwa kwa mafungu manne: mwisho wa Machi, wa Juni, wa Septemba na wa Desemba. Muuza mkaa halimsumbui hilo, mauzo yake hayajui mwezi. Mimi fungu la Septemba lilikuwa linanikuta mkavu, nakopa. Mzee akanifanya ninunue laini ya pili ya simu, na Januari, kabla sijalipa deni la vitambaa vya Kariakoo, mafungu yote manne yanaingia humo. Laini hiyo inakaa kwa dada yangu. Ni jambo dogo, lakini katika wote waliowahi kunishauri hakuna aliyeniuliza hela yangu huingia mwezi gani.

Na si sisi wenye maduka tu. Jirani yangu anauza vitumbua na chai, mauzo yake kwa mwaka ni kama milioni 6. Asiyekuwa na kumbukumbu za mauzo katika daraja hilo analipa Sh 100,000. Mwenye daftari linaloeleweka analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4, yaani Sh 60,000. Mzee alimfundisha kuandika bure, na kwa kuwa mama yule kusoma kwake ni kwa tabu, mwanawe aliye darasa la sita ndiye anayeandika kila jioni, mama anataja, mtoto anaandika. Hiyo Sh 40,000 ni unga na mafuta.

Jumamosi asubuhi ofisi haina malipo. Ukiingia utakuta vikundi vya VICOBA vya kuweka na kukopa, kamati ya madrasa, mara vijana wa bodaboda wanaotaka kusajili umoja wao. Alikuja kukagua kikundi chetu cha VICOBA mwaka tulipotaka kugombana. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, lakini hela ya mfuko wa jamii ilipungua Sh 54,000 kuliko daftari, na mweka hazina wetu alikuwa ameshaanza kunyooshewa vidole. Wengine walikuwa tayari kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee aliandika 54,000 kwenye kipande cha boksi, akaigawa kwa tisa, akaona hakuna baki, na tofauti inayotokana na tarakimu mbili kugeuzwa hugawanyika kwa tisa. Akasema tafuteni tarakimu zilizogeuzwa, hapa hakuna mwizi. Tukarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka kwenye msiba wa mwezi wa tano: tulitoa Sh 82,000 za sanda na usafiri, daftarini imeandikwa 28,000. Mweka hazina alilia hadi tukamletea maji.

Halafu hakutuacha twende. Alimsomea kila mwanachama salio lake kwa sauti, hisa, mkopo na faini, na kila mmoja akajibu "sawa" au akabisha. Mazoea hayo aliyatoa ujanani, alipokuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge huko Muheza. Wakataji wengi walikuwa hawasomi, na anasema asiyeweza kusoma karatasi ana haki ya kuisikia. Ilituchukua mpaka alasiri na wengine tulishakasirika kwa njaa, lakini tangu hapo hatujapelekana popote.

Ramadhani anawapigia wafanyabiashara hesabu za zaka. Unakwenda na orodha ya mali iliyomo dukani kwa bei ya kuuzia, hela taslimu, madeni unayodai yanayolipika na unayodaiwa. Anatoa unayodaiwa, anaangalia kama kimefika kiwango na kimezungukiwa na mwaka wa Kiislamu, anakuandikia asilimia mbili na nusu yako. Ukimpa bahasha anairudisha. Mwaka jana alimwambia tajiri mmoja wa vipuri, mbele za watu, kwamba amesahau kontena. Tulicheka kwa siri.

Sasa kasoro, maana zipo. Saa sita na nusu mlango unafungwa mpaka saa tisa, hata uje na moto mkononi. Ana mama yake mzazi ambaye amelala kitandani na hataki kulishwa na mtu mwingine, basi mzee anamlisha, anasali, anarudi. Saa hizo za katikati mkewe ndiye anayepokea bahasha za risiti barazani na kuandika jina lako juu yake, na mwandiko wa bibi huyo ni mzuri kuliko wa mumewe. Jioni meza inagawanywa: upande mmoja leja, upande wa pili wajukuu na watoto wa marehemu ndugu yake wanafanya kazi za shule, na ukiwa unaelezwa mambo mazito ya ritani ya kodi mtoto ataingilia kuuliza hesabu za sehemu. Atajibiwa yeye kwanza. Ijumaa ukikosa asubuhi umekosa.

Baada ya magharibi simu hapokei. Kompyuta anayo, ila anaiendesha mjukuu wake wa chuo, kwa hiyo binti akiwa kwenye mitihani mambo ya mtandaoni yanasubiri. Mimi nilipata kontroo namba yangu ya kulipia kodi siku ya mwisho yenyewe, roho mkononi. Hakagui makampuni, atakuelekeza kwa mwenye leseni hiyo. Na kama unatafuta mtu wa kukupunguzia mauzo kwenye karatasi, usipoteze nauli. Nilimwona akimrudishia kijana mmoja daftari lake na hela yake, akamwambia cheti cha NBAA, bodi ya wahasibu, pale ukutani amekitolea jasho, hakiuzi kwa mtaji wa viatu vya mitumba.

Bei: mimi nalipa Sh 30,000 kwa mwezi, na Desemba na Januari, risiti zinapojaa mfuko wa salfeti, naongeza kwa hiari yangu. Mwenye genge analipa pungufu ya hapo. Nenda na TIN, yaani namba yako ya mlipa kodi, risiti za manunuzi za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na daftari hata kama lina madoa ya mchuzi, hajali madoa, anajali kurasa zilizochanwa. Muamkie kwanza, umri huo, halafu nenda moja kwa moja kwenye shida yako.

Nyota ya tano ataipata siku atakayopokea simu usiku katika wiki ya mwisho ya Machi.