Mashine ya kupandia kwa mkono kutoka Brazili: misimu miwili shambani kwangu, Urambo

Nimeipandia mahindi misimu miwili. Ni ya mkono: mishikio miwili ya mti, vikopo viwili, kimoja cha mbegu na kingine cha mbolea, na mdomo wa chuma chini. Unauchoma ardhini mishikio ikiwa imeachana, kisha unaikutanisha. Ka! Mbegu zimeshuka, na mbolea imeshuka pembeni yake. Wabrazili wenyewe wanaiita matraca, jina la kile kifaa chao cha mti cha kupigia kelele.

Zamani kupanda kwangu kulitaka watu wanne: wa kuchimba, wa mbegu, wa mbolea, wa kufukia. Wanangu wako Mwanza na Dar. Msimu uliopita tulikuwa mimi na mkwe wangu tu, ekari moja tukaimaliza kabla ya alasiri, na mgongo haukuniuma.

Nilifundisha jiografia miaka 26, kwa hiyo kifaa hiki kimenigusa zaidi ya shamba: kinanikumbusha yaliyowapata wakulima wa huko Brazili. Paraná, kusini mwa Brazili, lilikuwa jimbo la kahawa. Julai 1975 baridi kali ikaunguza mibuni, na mwaka uliofuata karibu hapakuwa na cha kuvuna. Wenye mashamba makubwa, ambao baadhi walishaanza kuhama kahawa, wakakazana na soya na ngano kwa trekta. Kahawa inataka mikono mingi, soya haitaki. Katika miaka hiyo ya 1970 zaidi ya watu milioni moja walitoka vijijini, wengine wakaenda Curitiba na São Paulo, wengine mbali hadi jimbo la Rondônia kwenye misitu ya Amazoni, wengine nchi jirani ya Paraguai. Leo jimbo lina watu zaidi ya milioni 11, na wengi sana wanaishi mijini. Nikiwaza tumbaku yetu, inayokula mikono kuliko zao lolote hapa Urambo, nawaza na vijana wake watakwenda wapi siku ikianguka.

Kasoro ipo. Huko Paraná, tangu mkulima Herbert Bartz alipopanda bila kulima pale Rolândia mwaka 1972, wakulima wengi huacha mabaki ya mazao yafunike udongo, ukabaki laini. Kwangu ng'ombe wa majirani humaliza mabua mapema, ardhi inakauka kama tofali. Mvua ya kwanza mdomo haukuingia. Nilisubiri ya pili. Kwenye udongo wa mbuga unaziba, kila mistari michache unasimama kuukwangua kwa kijiti. Na mbolea usiilaze humo: niliiacha usiku mmoja, asubuhi nikakuta bonge gumu.

Duka la Tabora mjini waliniuzia sahani moja tu ya kupimia mbegu, ya mahindi, na maelezo ya Kireno. Karanga bado napanda kwa jembe. Ukienda kununua, mwambie muuzaji aifungue mbele yako, atie mbegu, aipige mara kumi chini ukihesabu zinazotoka, na sahani zote akupe kabla hujatoa hela.