Shamisen ya kujifunzia: plastiki badala ya ngozi ya paka

Shamisen ni ala ya nyuzi ya Kijapani. Hii ni hosozao, yaani ya shingo nyembamba, na ina nyuzi 3. Imewambwa plastiki badala ya ngozi ya paka au mbwa, na kwa anayeanza hilo ni jambo jema: ngozi halisi hupasuka hewa ikibadilika, na kuwamba upya ni ghali. Mlio ni mkavu kidogo, basi.

Shingo hufunguka vipande 3. Pitisha ukucha kwenye maungio. Ukucha ukikwama, kidole nacho kitakwama hapo kila kikiteleza, maana shingo ni laini tupu kama ya udi.

Kipimo hasa ni uzi wa 1, ule mnene. Upige bila kuubana: lazima uvume kama nyuki. Mvumo huo ndio sawari, na hutokea uzi unapoigusa shingo kidogo pale juu. Huu unavuma vizuri.

Vigingi ndivyo vinavyoudhi, vinalegea. Visukume ndani huku ukivizungusha. Uzi wa 3 wa hariri hukatika upesi, weka wa nailoni. Kidaraja kinachobeba nyuzi kitoe kila ukimaliza kupiga, kisibonyeze plastiki. Bachi, kile kipande cha kupigia nyuzi, iliyokuja nayo ni nyepesi mno, tafuta nyingine.