HiccAway kwa kwikwi ya baada ya upasuaji: mrija mzuri, ila si wa kila mgonjwa

Mrija huu mgumu wenye umbo la L ulibuniwa na Dkt. Ali Seifi wa Chuo Kikuu cha Texas, San Antonio, Marekani. Ujanja wake wote uko kwenye kifuniko cha chini, chenye vali inayozuia maji yasipande kirahisi. Ili maji yafike mdomoni ni lazima kuvuta kwa nguvu, na kuvuta huko hukilazimisha kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kujikaza kupitia neva ya freniki inayokiendesha. Mtu akimeza papo hapo, neva ya vagasi nayo hupata kazi na kidakatonge hufunga njia ya hewa. Kwikwi hupita kwenye neva hizohizo mbili, ndiyo maana hukatika zinaposhughulishwa kwa pamoja.

Matumizi ni mepesi, lakini watu hukosea. Maji nusu glasi yanatosha. Mgonjwa aketi wima, asinywe akiwa amelala kwenye mto. Mwisho wa mrija uzame muda wote, kwani ukitokeza juu ya maji atavuta hewa na kuimeza, na tumbo lililojaa hewa ni chanzo kimojawapo cha kwikwi baada ya nusukaputi. Avute kwa mkupuo, ameze hapohapo. Anayenyonya taratibu kama anakunywa soda hapati kitu. Mwenye mshono tumboni akumbatie mto na kuubana juu ya kidonda kabla ya kuvuta. Kifuniko huzungushwa kuchagua kipimo cha mtu mzima au cha mtoto, na mtu mzima aliyedhoofika anaweza kuanzia hicho cha mtoto.

Sifa za mrija huu zinatokana na utafiti uliotoka kwenye jarida la kitabibu la JAMA Network Open mwaka 2021. Kati ya watumiaji 249, takriban asilimia 92 walisema kwikwi ilikoma. Idadi hiyo inavutia, ila washiriki walijaza dodoso wenyewe, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na hawakuwa wagonjwa waliotoka chumba cha upasuaji. Kwa kwikwi ya kawaida, tunaupa alama za juu. Kwa mgonjwa wa wodini, tunaupa nafasi ya msaidizi tu.

Na si kwa kila mgonjwa wa wodini. Mgonjwa aliyekatazwa kula na kunywa asiuguse, hata kama "ni maji kidogo tu". Aliyeshonwa umio au tumbo asubiri ruhusa ya daktari aliyempasua. Aliyefanyiwa upasuaji wa koo vilevile. Aliyeng'olewa jino aache kabisa kwa siku za mwanzo, maana mvuto wa mdomo huweza kung'oa donge la damu linaloziba shimo. Mwenye usingizi wa dawa au anayepaliwa akimeza, maji yanaweza kuingia mapafuni.

Kasoro yake kubwa ni kwamba hautibu chanzo. Kwikwi ikikoma kwa dakika kumi kisha ikarudi, na ikawa hivyo kutwa nzima, kuongeza glasi za maji ni kupoteza muda. Ikipita saa 48 huhesabiwa kuwa sugu na chanzo kitafutwe: tumbo lililovimba kwa gesi au matumbo yaliyogoma kufanya kazi, sodiamu (chumvi ya mwilini) iliyoshuka kwenye damu, figo zilizozidiwa, jipu chini ya kiwambo, au dawa kama deksamethasoni. Tumbo likiwa limejaa, mpira unaopitishwa puani hadi tumboni kutoa hewa na majimaji mara nyingi husaidia kuliko mrija wowote. Ikiwa na homa, kutapika, tumbo gumu, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, aitwe daktari bila kungoja hizo saa 48.

Dawa zipo: metoklopramidi, baklofeni, gabapentini, klorpromazini. Hakuna ya kununua kimyakimya. Klorpromazini hushusha presha na kulewesha usingizi, baklofeni hulimbikizana mwilini figo zikiwa dhaifu, na metoklopramidi haipewi mgonjwa ambaye utumbo wake umeziba.

Usafi: fungua kifuniko, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, acha kikauke kikiwa wazi. Tumia maji matupu tu; juisi yenye nyama za matunda huziba tundu la vali, na hapo mgonjwa atavuta mpaka mshono umuume bila tone kupanda.