Vitu vidogo vilivyonisaidia kupambana na wasiwasi

Wasiwasi wangu ulianzia mikononi. Nilikuwa na miaka 15, na kabla hata karatasi ya mtihani haijanifikia, viganja vilikuwa vimelowa jasho na kucha nimezing'ata hadi damu. Mama alikuwa akiniambia, "Tulia, mwanangu." Nilitaka sana kutulia, ila sikujua kutulia kunaanzia wapi. Sasa nina miaka 17, na katika miaka hii miwili nimejaribu kitu kimoja baada ya kingine.

Cha kwanza ni mpira wa kuminya, unaoenea kiganjani. Mwanzoni niliuminya ovyo na sikuona tofauti. Nikaja kugundua kwamba kazi yenyewe iko kwenye kuachia: unaminya kwa nguvu huku ukihesabu hadi tano, kisha unaachia polepole na kuusikiliza mkono unavyolegea. Daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, alifundisha kukaza misuli na kuilegeza namna hii mwanzoni mwa karne ya 20, na bado inafanya kazi. Chagua wa sponji. Wangu wa kwanza ulikuwa na utomvu ndani, ukapasukia kwenye begi na kuharibu vitabu.

Mpira haukunifaa siku ambazo moyo ulienda mbio na kifua kikabana. Hapo nilihitaji bakuli la maji baridi. Unabana pumzi, unatumbukiza uso kwa sekunde kama 15, unainuka na kupumua. Maji baridi yakigusa uso huku pumzi imebanwa, mwili hupunguza kasi ya moyo kama wa mpiga mbizi. Mara ya kwanza nilishtuka kwa jinsi ilivyofanya kazi haraka. Ila mwenye matatizo ya moyo asijaribu kabla ya kumuuliza daktari.

Blanketi zito halikunifaa. Wengi hushauri uzito wa karibu asilimia 10 ya uzito wa mwili, nami nilifuata hivyo hivyo, lakini nilisikia joto na kubanwa. Dada yangu alilichukua, na hadi leo halali bila hilo, kwa hiyo siwezi kusema ni baya. Ninachokikataa kabisa ni mpira wa kufungia vitu, ule wa kuvaa mkononi na kujichapa nao hofu ikija. Rafiki alinishauri, nikajaribu siku mbili. Tafadhali usijiumize ili utulie.

Kisha daftari. Hiki ndicho ningekichagua kama ningeambiwa nibaki na kimoja tu. Usiku nilikuwa naandika kila kilichoniumiza siku hiyo, na usiku mwingine nilimaliza nikiwa na uchungu kuliko nilivyoanza. Nikabadilisha: kabla ya kulala naandika mambo ya kufanya kesho, kwa dakika 5 tu, hata madogo kama kurudisha kitabu cha watu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vijana wa miaka 18 hadi 30 walioandika ya kesho walipata usingizi dakika kama 9 mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyamaliza. Kwangu ilichukua kama wiki mbili kuzoea. Simu haifai kwa kazi hii, kwa sababu ukiishika hutaandika.

Hata hivyo kuna kipindi vyote hivi havikutosha. Nilikuwa naamka usiku natetemeka, nikakataa kwenda shule. Nikamwambia shangazi, naye akanipeleka kwa mshauri nasaha. Mshauri aliponiuliza hali ilianza lini, maneno yalinikauka. Nikatoa daftari kwenye begi, nikampa. Alifungua kurasa polepole, akasimamisha kidole kwenye tarehe, halafu nyingine, akaniuliza kwa upole, "Jumatatu kuna nini shuleni?"

Nikaanza kumwambia.