S100B na NfL: damu inasema nini kuhusu skizofrenia?

Hapa Ujiji, kijana akianza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, dalili mojawapo ya ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, ndugu huuliza: "Hakuna kipimo cha damu?" Malaria ina chake, sukari ina chake. Basi tulinganishe protini mbili za kwenye damu, S100B na NfL, ambazo watafiti wanazifuatilia.

S100B hutoka zaidi kwenye astrosaiti, seli zinazozilea seli za neva. Tafiti kadhaa zimeikuta imepanda kwa wagonjwa wa skizofrenia. Ila mafuta ya mwili, hata yaliyo ndani ya mifupa, nayo huitoa, kwa hiyo mtu mnene, au aliyevunjika mguu kwa kuanguka na bodaboda, anaweza kuwa nayo juu ubongo ukiwa salama.

NfL ni uzi wa ndani ya aksoni, ule mkia mrefu wa seli ya neva. Mkia ukiharibika, uzi humwagika. Zamani ilibidi mgonjwa achomwe sindano mgongoni ili yachukuliwe maji ya uti. Mashine za sasa huinasa hata kwenye damu, kwa kiasi cha pikogramu, yaani vipande vya trilioni vya gramu. Umri na figo mbovu huipandisha pia. Kwenye skizofrenia mara nyingi haipandi sana, na mimi naipendea hapo hapo: mtu wa miaka 55 akianza kubadilika tabia, NfL ya juu humfanya daktari afikirie demensia, yaani ubongo unaodhoofika, kwanza.

Kuthibitisha skizofrenia? Zote mbili haziwezi. Daktari bado atakaa na mgonjwa, awasikilize ndugu, kisha apime malaria, kaswende na VVU, maana navyo huvuruga akili.