TAHADHARI TANGA: "Chip" ya kuongeza nguvu inauzwa kwa kipimo kilichopikwa

Wakuu wenye IST, Vitz, Raum na ndugu zao, kuna wapigaji wanapita mjini na kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, pale chini ya usukani mafundi wanaposomea makosa. Eti gari itachanganya haraka na mafuta yatapungua. Kinachowanasa watu ni "ushahidi": muuzaji anabandika kipimo cha mchapuko (jinsi gari inavyoongeza spidi) kwenye kioo cha mbele, mnakimbia 0 hadi 100 kabla ya kuchomeka, halafu baada. Sekunde zinashuka mbele ya macho yako, unalipa.

Kipimo cha aina hiyo hakioni spidi. Kinahisi msukumo, kisha kinaujumlisha ili kukisia spidi, na hakitofautishi msukumo wa injini na mvutano wa dunia. Kikiinuka pua kwa nyuzi 1 kinaongeza takriban 0.0175 g ya uongo (g 1 ni mvutano wote wa dunia). Nyuzi 3, kwa mbio za sekunde 10, ni kama kilomita 18 kwa saa za bure: gari iko 82, skrini ya kipimo inaandika 100. Kwa hiyo mtazame mkono. Anaweka sifuri gari ikiwa imetulia, halafu kabla hamjaondoka anakigusa tena, "nakaza tu isidondoke." Hapo ndipo unapoibiwa. (Hata bila hila gari huinuka pua ikiondoka, kwa hiyo vipimo hivi vinasifia kidogo siku zote.)

Hila ya pili ni barabara. Mbio za kwanza mnaelekea Muheza, za pili mnarudi mjini. Kutoka baharini kwenda Muheza ardhi inapanda, ingawa kwa macho huioni. Penye mwinamo wa asilimia 1 tu, gari ya sekunde 12 inatofautiana karibu sekunde 1 nzima kati ya kupanda na kushuka. Ongeza AC iliyokuwa inawaka mara ya kwanza, na jamaa wa siti ya nyuma anayeambiwa "wewe tusubiri hapa" mara ya pili.

Akikuonyesha hosi pawa, uliza ameandika uzito gani. Kipimo kinazidisha uzito, mchapuko na spidi, basi. Kwa spidi ya 72 na mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kwa sekunde, kilo 1,200 zinatoa hosi pawa 64. Andika 1,400, zinakuwa 75. Kumi na moja zimetoka kidoleni.

Ukitaka kumjaribu, tumia kipimo cha setilaiti kinachosoma mara 10 kwa sekunde. Simu nyingi husoma mara 1, hazifai kwa tofauti ndogo. Pima 40 hadi 80, nje ya maeneo yenye kikomo cha spidi 50, ili kuondoka kusiharibu hesabu. Mbio tatu kila upande wa barabara ileile, kisha wastani. AC imezimwa, watu walewale, upepo wa matairi uleule. Na mtu wako ndiye achomeke au asichomeke, muuzaji asijue ni lini. Wengi wataaga hapohapo.

Au mwambie akifungue hicho kidude cha kuchomeka. Pini 16 ni umeme wa betri, 4 na 5 ni ethi. Mawasiliano na kontroli boksi (kompyuta ya injini) hupita 6 na 14, au 7 kwa gari za zamani kidogo. Kama hizo hazijaungwa popote na kilichobaki ni taa zinazowakawaka, umenunua taa. Tena pini 16 ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, hivyo gari ikilala siku nyingi taa hizo zinanyonya betri.

Aliyekwisha kununua achomoe tu, hakuna cha kurekebisha. Hela ileile ingenunua plagi na chujio la hewa, na hapo kipimo, kikisawazishwa vizuri, kitakuonyesha tofauti ya kweli kama vya zamani vilikuwa vimechoka.