Kioo kizuri, ila yule kijana wa dukani!

Niseme la kioo cha kompyuta nilichonunua kwanza kabla hasira hazijapanda: kizuri. Mimi nachora ramani za nyumba, nafanyia kazi nyumbani hapa Nkuhungu, na tangu serikali ihamie Dodoma kila mwenye kiwanja Ihumwa au Nala anataka ramani yake leo leo. Kwenye kioo cha zamani mstari wa ukuta na wa dirisha ulikuwa unashikana, nakuza, napunguza, nakuza tena. Nikasema basi, nanunua cha 4K, kile chenye picha kali zaidi.

Laki nane na ushee zikatoka. Nikakifunga kanga mbili, maana upepo wa huku na vumbi lake mnaujua, nikakipakata kwenye bajaji kama mtoto mchanga.

Kuchomeka tu, picha ikaja inang'aa, nikapiga kigelegele peke yangu sebuleni. Halafu nikashika mausi. Mshale unakokota miguu! Mkono umeshafika, wenyewe bado uko njiani. Nikiburuza ukuta kwenye ramani unakuja kwa kurukaruka, kama mtu anavuka matope. Na maandishi madogo kama sisimizi. Hayo niliyamaliza mwenyewe, nikaingia kwenye mipangilio nikapandisha ukubwa hadi asilimia 150, isipokuwa programu yangu moja ya kizamani ambayo mpaka leo herufi zake zina ukungu. Lakini mshale ulinishinda.

Nikarudi dukani. Kijana wa pale, umri wa mwanangu wa pili, shikamoo hana, macho yako kwenye simu. Namweleza, anatabasamu kwa upande. "Mama, vioo hivi vinataka macho ya vijana." Na mteja mmoja akacheka. Mimi! Ninayesoma milimita kutwa nzima! Nikambana aseme tatizo ni nini, akasema waya ninaotumia ni feki, akanitolea mwingine wa HDMI, ule wa kupeleka picha kwenye kioo, elfu ishirini na tano. Nikanunua. Ndiyo, nilinunua, msinicheke.

Waya mpya, matope yale yale.

Nikakaa hivyo wiki nzima au zaidi, nimeshaanza kutafuta wa kumuuzia kwa hasara. Ndipo mtoto wa jirani, anasoma UDOM, akaja kuazima ngazi. "Shikamoo mama." Marahaba, ingia. Akasogeza mausi mara moja tu, akafungua mipangilio ya skrini: hezi 30. Yaani picha inabadilika mara 30 kwa sekunde, wakati ilitakiwa 60. Sipiyu yangu, yaani kompyuta yenyewe, ni ya mtumba, ilitoka ofisini kwa watu, na tundu lake la HDMI ni la toleo la zamani, 1.4. Kwa picha ya pikseli, vile vidoti vya picha, zaidi ya milioni nane, mara nne ya kioo changu cha zamani, uwezo wake unaishia hapo kwenye 30. Hata ungechomeka waya wa dhahabu, tundu ni lile lile.

Akageuza sipiyu, akapuliza vumbi, akanionyesha tundu jingine linalofanana na la HDMI ila limekatwa kona moja. DisplayPort. "Waya wake upo, mama?" Nitajuaje? Akaenda kwenye boksi, akanyanyua lile povu gumu jeupe la chini. Waya huo hapo, umo kwenye mfuko wake, haujaguswa.

Ulikuwemo ndani ya boksi! Boksi ambalo yule kijana alilifungua kwa mikono yake, mbele yangu, kunihakikishia kioo hakijapasuka!

Sasa ni hezi 60, mshale unateleza, na mistari miwili ya ukuta naiona bila kukuza chochote. Kwa hiyo kioo nunueni. Nyota tano. Au nne, kwa sababu hata waliokitengeneza, kweli wameshindwa kuweka kikaratasi juu kabisa kisemacho tumia waya huu? Na ukiwa na sipiyu ya zamani isiyo na tundu la kona iliyokatwa, usinunue kabisa, utalia. Tatu basi.

Juzi nilimpelekea ule waya wake wa elfu ishirini na tano, na risiti juu. Safari hii alinyanyua macho.

"Mali ikishauzwa hairudishwi, mama."